Waasisi wa Biashara Changa na Kiti cha Mwanakiswahili: Maoni Kutoka Njia Panda ya Kaplong

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii imezoeleka mno, kiasi kwamba waitumiao hawalifikirii swali linalofuata: ni vidole gani, basi, vinavyomvunja? Anayemjua chawa anajua kuwa havunjwi kwa vidole vya mkono mmoja. Huvunjwa kwa kukutanisha kucha za vidole gumba viwili, kila kimoja kikitoka katika mkono wake. Vidole vinne vya mkono mmoja, hata vikishikamana vipi, humpapasa tu, naye akaendelea na safari yake. Ndivyo ilivyo kwa biashara changa. Wingi wa walioianzisha si hoja kubwa. Hoja ni mikono waliyotoka.

Kwa istilahi ya biashara changa hapa hakukusudiwi duka jipya la sukari na sabuni, maana mwenye duka anajua tangu siku ya kwanza atauza nini, atamwuzia nani na atapata faida gani. Kunakusudiwa shughuli inayoanza na wazo ambalo halijajaribiwa, shughuli ambayo bado inamtafuta mteja wake na bado haijui itamtoza nini. Katika hatua hiyo hakuna mali, hakuna sifa, wala hakuna desturi ya kazi. Kilichopo ni watu watatu au wanne na mazungumzo yao. Kuuliza biashara hiyo itakuwaje, kwa hiyo, ni kuuliza watu hao ni akina nani, waliaminianaje, na nani hakualikwa.

Kaplong ni mahali pafaapo kulitazama swali hili. Barabara itokayo Kericho kupitia Litein na Kapkatet hukutana hapo na ile itokayo Narok kupitia Bomet, kisha safari huendelea Sotik na Kisii. Hospitali ya misheni na shule mbili za upili, moja ya wavulana na nyingine ya wasichana, zimelifanya jina la mji huu mdogo lijulikane mbali kuliko ukubwa wake. Upande wa juu ni chai. Upande wa chini ni ng'ombe wa maziwa na mahindi. Vijana waliohitimu vyuoni Kericho, Eldoret na Nairobi hurejea hapo wakiwa na rununu mfukoni, tarakilishi mkobani na wazo kichwani: kumwunganisha mkulima na mnunuzi, kuweka kumbukumbu za maziwa, kuwapanga wanabodaboda wabebe mizigo badala ya kungoja abiria juani. Mawazo si haba. Hata hivyo, wakitazamwa wale wanaoketi pamoja kuyaanzisha, mara nyingi hupatikana wanne waliosoma kozi moja, wakalala bweni moja, wote wavulana, na wote wakijua kuandika programu au wote wakiwa hawajui.

Jambo hili si aibu ya Kaplong peke yake. Mwaka 2003 wanasosholojia Ruef, Aldrich na Carter walichapisha uchunguzi wao kuhusu makundi ya waasisi nchini Marekani, nchi ambayo husifiwa kuwa kitovu cha ujasiriamali. Waligundua kwamba watu huko hujumuika zaidi kwa kufanana, yaani kwa jinsia na kwa asili, na kwa mahusiano ya ndoa na udugu, kuliko kwa kutafuta wenye ujuzi wanaoukosa wao. Mmarekani naye, pamoja na vitabu vyake vyote vya usimamizi, huanza biashara na shemeji yake. Ndege wa manyoya mamoja, basi, huruka pamoja kila mahali. Kinachotofautiana ni gharama ya kuruka hivyo.

Gharama hiyo ilielezwa mapema zaidi na Arthur Stinchcombe mwaka 1965. Hoja yake ni kwamba shirika hubeba alama za wakati na mazingira ya kuzaliwa kwake kwa miaka mingi baada ya mazingira hayo kutoweka, kama vile mtu abebavyo lafudhi ya kijiji alichokulia hata akihamia mjini. Wanafunzi wa isimu wataielewa hoja hii kwa wepesi kuliko wanafunzi wa biashara. Lafudhi haichaguliwi. Hupatikana kwa waliokuwapo mtoto alipoanza kunena.

Hapana haja ya kwenda Marekani kuiona lafudhi hiyo. Inatosha kuyasoma majina ya vyama vya akiba na mikopo vya Kericho na Bomet. Imarisha Sacco ilianza kama chama cha walimu wa Kipsigis. Ndege Chai Sacco ilitokana na wafanyakazi wa kampuni ya chai. Stegro ni ufupisho uliochongwa kutokana na jina la wakuza chai wa Sotik, hapo hapo jirani ya Kaplong. Kila chama kilizaliwa na watu wa aina moja: wenye chaki, wenye ajira ya shamba kubwa, au wenye shamba dogo na namba ya mkulima. Wakati huo hawakuitwa waasisi wa biashara changa, lakini ndivyo walivyokuwa. Walikuwa na wazo ambalo halijajaribiwa miongoni mwao, hawakuwa na mtaji wa kutosha, na benki hazikuwajali.

Yafaa kukiri wazi kwamba kufanana huko ndiko kulikowafanikisha. Walimu walikuwa na mwajiri mmoja, Tume ya Kuwaajiri Walimu iliyoundwa mwaka 1967, na kwa hiyo makato ya mkopo yangeweza kuchukuliwa kwenye mshahara kabla mshahara haujafika mkononi. Mkopaji hakuwa na pa kujificha. Aidha, walimu walijuana, walijua kusoma hesabu, walijua kuandika kumbukumbu za mkutano, na aliyehamishwa kutoka shule moja alimkuta mwanachama mwenzake katika shule nyingine. Mfanyakazi wa kampuni alikuwa na karatasi yake ya mshahara, na mkulima wa chai alikuwa na malipo yake ya mwezi yaliyopitia kiwandani. Kwa maneno mengine, imani haikuhitaji kujengwa upya. Ilikuwepo tayari, na chama kikaikalia kama kuku akaliavyo mayai. Wanaohubiri kwamba kundi la waasisi lazima liwe mchanganyiko wa watu wa kila namna husahau sura hii ya mambo. Kundi la watu wasiojuana, kila mmoja na ufundi wake, laweza kuvunjika kabla ya senti ya kwanza kuingia.

Lakini kilichomfaa mwalimu ndicho kilichomfungia mlango muuza mboga. Sheria ya vyama hivi ilihitaji wanachama wawe na kifungo cha pamoja, na kifungo hicho kilikuwa ni mshahara au malipo ya zao. Mwanamke auzaye viazi sokoni Kaplong hakuwa na karatasi ya mshahara. Kijana wa bodaboda hakuwa nayo. Ilipopita Sheria ya Vyama vya Akiba na Mikopo ya mwaka 2008 na ushindani ukakua, vyama vingi nchini vilifungua milango na kubadili majina. Walimu wa Kipsigis wakawa Imarisha. Wakuza chai wa Sotik wakawa Stegro, jina ambalo mgeni akilisikia hatajua kama linahusu chai au saruji. Mabadiliko ya jina si mzaha wa msanii wa mabango. Ni kukiri kwamba mlango uliojengwa na waasisi ulikuwa mwembamba kuliko nyumba waliyotaka kuijenga. Na kupanua mlango wa nyumba iliyokwisha kuezekwa ni kazi ghali kuliko kuupima vyema siku ya msingi.

Upande wa chai una funzo kali zaidi. Mwaka 1993 Dorthe von Bülow na Anne Sørensen walichapisha utafiti wao kuhusu jinsia na kilimo cha chai cha wakulima wadogo katika wilaya ya Kericho, ambayo Bomet ilikuwa imetoka tu kutengwa nayo. Walichokionyesha ni jambo ambalo kila mtoto wa eneo hilo amelishuhudia bila kulisoma: mikono ichumayo majani mawili na chipukizi mara nyingi ni ya mke, ilhali mkataba na malipo hufuata jina la mwenye ardhi, ambaye mara nyingi ni mume. Neno mkulima lilipotiwa katika daftari la kiwanda, lilikuwa tayari limekwisha kuchagua nani angehudhuria mkutano wa kwanza na nani angebaki shambani na kikapu mgongoni. Chombo chochote kilichoasisiwa na wakulima kwa maana hiyo kilirithi upofu huo. Si kwamba waasisi walikuwa waovu. Ni kwamba kwenye meza yao hakuwepo mtu ambaye angeuliza, "Mchumaji naye je?"

Maziwa nayo yana kisa chake. Kampuni ya ushirika ya maziwa, KCC, ambayo kiwanda chake cha Sotik ni maarufu kwa wote wapitao Kaplong, iliasisiwa na walowezi mwaka 1925. Ilijengwa kwa mahitaji ya mwenye ng'ombe wengi na barabara nzuri. Mfugaji mdogo Mwafrika aliingia baadaye, akaikuta meza imepangwa. Kampuni hiyo iliporomoka miaka ya 1990, ikafufuliwa na serikali kwa jina jipya mwaka 2003. Sababu za kuporomoka zilikuwa nyingi, siasa ikiwa miongoni mwazo, na haitakuwa haki kuutwika mwaka 1925 dhambi zote za miaka ya 1990.

Wakipsigis wenyewe walikuwa na maarifa katika suala hili, na ni ajabu kwamba vijana wao wenye tarakilishi hawayatumii. Jamii hiyo ilikuwa na njia mbili kuu za kukusanya watu, nazo zilielezwa na Peristiany katika kitabu chake cha mwaka 1939 kuhusu asasi za jamii ya Kipsigis. Njia ya kwanza ni rika: waliotahiriwa katika kipindi kimoja waliitwa kwa jina moja, kama vile Maina, Chumo, Sawe au Kaplelach, wakawa ndugu hadi kufa. Njia ya pili ni kokwet, yaani ujirani wenye baraza lake. Watu wa kokwet hawakufanana. Walikuwa wa koo mbalimbali na marika mbalimbali, vijana kwa wazee, walioletwa pamoja na jambo moja tu, kwamba mashamba yao yalipakana na ng'ombe wao walikunywa maji mamoja. Rika lilifaa kwa vita na kwa uvamizi wa ng'ombe, kazi zinazohitaji kasi na utii. Kokwet ilifaa kwa kusaidiana kazi za shamba na kusuluhisha ugomvi wa mipaka, kazi zinazohitaji kila upande uwepo. Biashara changa za Kaplong huundwa kama rika, ilhali kazi zinazotaka kuifanya ni za kokwet. Kumwunganisha mkulima, karani, dereva na mnunuzi si uvamizi wa ng'ombe.

Serikali nayo, kwa nia njema, imelitatiza jambo hili. Hazina ya vijana iliyoanzishwa mwaka 2006, na zile za wanawake na Uwezo zilizofuata, zilikopesha makundi. Mwaka 2013 ikaja nafasi maalumu ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Matokeo ni kwamba makundi mengi huundwa ili kujaza fomu. Jina la dada huingizwa ili kundi lionekane lina mwanamke. Jina la binamu huingizwa ili idadi itimie. Kwenye karatasi kundi ni mchanganyiko wa kupendeza, lakini mkopo ukitoka wanaoketi kuamua ni wale wale wawili. Mchanganyiko wa aina hii ni mbaya kuliko kufanana kwa dhati, kwa sababu haujengi imani wala hauleti ujuzi.

Ipo mifano ya karibu ambayo haikuanguka katika mitego hiyo miwili. Januari mwaka 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipokuwa zikiwaka, na mpaka wa Sotik na Borabu, mwendo mfupi tu kutoka Kaplong, ukiwa umegeuka uwanja wa mishale, kundi dogo la Wakenya na marafiki wa Kenya lilianzisha tovuti ya kukusanya taarifa za raia na kuzionyesha kwenye ramani. Waliiita Ushahidi. Waasisi wake wanaojulikana ni Ory Okolloh, mwanasheria. David Kobia, mwandishi wa programu. Juliana Rotich, mwanasayansi wa tarakilishi. Na Erik Hersman, mtaalamu wa teknolojia aliyekulia Sudan na Kenya. Tovuti ilisimama kwa siku chache. Kasi hiyo haikutokana na wao kufanana kwa kila kitu, wala haikutokana na wao kutofautiana kwa kila kitu. Walijuana kwa maandishi yao ya mtandaoni, na hiyo ndiyo iliyokuwa imani yao; ila mmoja alijua sheria na siasa, mwingine alijua kuandika programu, mwingine alijua kuipeleka habari duniani. Vidole gumba vilitoka mikono tofauti, lakini mikono ilikuwa ya mwili mmoja.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2010, wasichana watatu, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka, walianzisha M-Farm jijini Nairobi, huduma ya kumpa mkulima bei za mazao kwa arafa. Wote watatu walikuwa wa taaluma ya tarakilishi, na kwa upande huo walifanana. Hata hivyo, mmoja wao alikuwa na asili ya ukulima, na wote walikuwa wanawake katika uwanja uliojaa wanaume. Walitambua upesi kuwa kumwambia mkulima bei ya Nairobi hakumfikishi Nairobi, wakaongeza njia ya wakulima kuuza kwa pamoja. Utambuzi kama huo hauji kwa anayelijua soko kwa kusimuliwa.

Uchunguzi wa Eisenhardt na Schoonhoven wa mwaka 1990, uliohusu kampuni za Marekani za kutengeneza vipuri vya elektroniki, unaafikiana na visa hivi. Kampuni zilizokua haraka zilikuwa zile ambazo waasisi wake walikuwa wamewahi kufanya kazi pamoja na, wakati huo huo, walitofautiana katika uzoefu wao wa tasnia. Sharti si moja, ni mawili, na ugumu wote umo katika kuyapata pamoja. Wanaofanana hufanya kazi pamoja bila kusukumwa. Wanaotofautiana husubiri kutambulishwa.

Hapa ndipo mwanakiswahili anapoingia, au tuseme kwa usahihi zaidi, anapokosekana. Tasnia ya biashara changa nchini Kenya imejipamba kwa maneno ya Kiswahili kama bibi harusi kwa dhahabu: Ushahidi, M-Pesa, M-Kopa, Twiga. Miongoni mwa majina ya waasisi wa kampuni hizo hamna anayejulikana kwa taaluma ya Kiswahili. Lugha iliitwa kwenye arusi ikavalishwa, lakini haikuitwa kwenye posa. Matokeo yake yanachekesha kwa kiasi na yanadhuru kwa kiasi. Ile herufi M iliyokusudiwa kuwa kifupi cha neno la Kiingereza la simu ya mkononi iligongana na kiambishi cha ngeli ya kwanza, hata mkopa masikioni mwa Mswahili likawa kama jina la mtu anayekopa. Jambo hilo ni la kutabasamu. La kudhuru ni lile la mkulima kupokea arafa yenye maneno makato, salio na malipo ya awali katika sentensi iliyotafsiriwa neno kwa neno, akaiweka simu mfukoni na kungoja kumwuliza mwanawe jioni.

Watetezi wa mtindo uliopo husema kwamba lugha ni kazi ya baadaye: jenga kwanza, tafsiri utalipia. Hoja hii ina upungufu. Tafsiri huja baada ya maamuzi. Nani ni mkulima, nani ni mchumaji, uzani ni wa nani, bonasi ni deni au zawadi: haya ni maswali ya maana, na maana huamuliwa siku za mwanzo, mezani, kabla ya mstari wa kwanza wa programu kuandikwa. Programu ikishaandikwa kwa kumtambua mwenye ardhi pekee, hakuna mfasiri awezaye kumwingiza mke wake kwa kubadilisha neno. Ni yale yale ya mlango mwembamba.

Kiswahili chenyewe, isitoshe, kina msamiati wa kuanzisha shughuli kwa pamoja ambao waasisi wengi hawaujui. Kula bia ni kula kwa kuchangia kila mtu sehemu yake. Ndipo likaja neno mbia, na ubia. Kula kikoa ni kula kwa zamu, leo kwako na kesho kwangu. Upatu ni kuchangizana fedha na kumpa mmoja kwa zamu. Ushirika ni kuwa na fungu katika kitu kimoja. Mwasisi ni aliyeweka msingi, na neno hilo limezoea siasa kiasi cha kuogofya: kijana wa miaka 24 akiitwa mwasisi huanza kutafuta sanamu yake mjini. Tofauti za maneno haya si za kamusi tu. Ichukuliwe kwa mfano kwamba vijana watatu wanaandika programu ya kusajili maziwa, na wa nne anazunguka vituoni kuwashawishi wafugaji. Hakuna mkataba, kwa sababu ni marafiki. Msaada wa kwanza ukifika, watatu wanamwona wa nne kuwa msaidizi, naye anajiona mbia. Wote wana haki kwa maneno waliyokuwa nayo vichwani. Hakuna aliyeyatamka siku ya kwanza. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 inamruhusu hata mtu mmoja kusajili kampuni peke yake, na imeandikwa kwa Kiingereza. Haitawasaidia marafiki wanne kujua kama walikuwa wakila bia au wakila kikoa.

Pingamizi zito zaidi hutoka Kaplong kwenyewe. Mama mzee aliye kwenye foleni ya kituo cha kununulia majani chai huzungumza Kikipsigis. Kiswahili cha nini? Pingamizi hili lina ukweli, na mwanakiswahili anayelipuuza ataadhirika. Hata hivyo, nyuma ya mama huyo mna mchumaji kutoka Kisii, mbele yake mna dereva wa lori kutoka Kericho mjini ambaye lugha ya nyumbani kwao ni nyingine, na sokoni mna mfanyabiashara Mmaasai aliyeteremka kutoka Narok. Njia panda haina lugha moja. Mtu aliyefunzwa isimu, aliyewahi kukusanya data uwandani na kuchunguza namna wazungumzaji wanavyobadili msimbo, ndiye anayejua ni wapi Kiswahili kitoshe na ni wapi Kikipsigis kiachiwe nafasi. Mwandishi wa programu huchagua lugha moja kutoka kwenye orodha, akaenda kulala. Tena, katika eneo lililopitia yale ya mwaka 2008, kundi la waasisi lenye watu wa pande zote mbili za mpaka wa Sotik na Borabu lina kauli ambayo kundi la upande mmoja haliwezi kuinunua kwa fedha.

Lawama, hata hivyo, zisiwaangukie wanatarakilishi peke yao. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili, katika chuo chochote kile, chenyewe ni kundi la wanaofanana. Wanachama husoma riwaya zile zile, husafiri pamoja kwenye makongamano, hushindana kwa mashairi wanayosomeana wao kwa wao, kisha huhitimu na kuketi nyumbani kungoja tangazo la ajira ya ualimu, miaka ikipita. Wahadhiri nao wamezoea kuorodhesha kazi za mhitimu wa Kiswahili kuwa ni ualimu, utangazaji, uhariri na tafsiri, na zote hizo ni kazi za kuajiriwa na mtu aliyekwisha kuanza. Hakuna anayemwambia mwanafunzi kwamba kuna kiti mezani siku ambayo hakuna hata meza. Mwanakiswahili hualikwi, ni kweli. Lakini pia habishi hodi.

Kubisha huko hakuhitaji semina ya ujasiriamali. Chuo Kikuu cha Kabianga kiko upande wa Kericho wa barabara ipitayo Kaplong, na chuo kilichoanzishwa Bomet mwaka 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Moi kiko upande wa pili. Ikiwa imani hujengwa kwa kufanya kazi pamoja kabla ya fedha kuingia, basi kazi yenyewe yaweza kuwa ndogo. Wanafunzi wawili wa Kiswahili na wawili wa tarakilishi, mmoja wao akiwa binti aliyekulia kwenye chai na mmoja akiwa ametoka ng'ambo ya mpaka wa Kisii, waweza kukaa katika kituo kimoja cha kununulia majani chai kuanzia mapumziko ya muhula hadi bonasi itoke. Waandike kila neno litumiwalo kwa uzani, kwa makato, kwa majani yaliyokataliwa na kwa deni la mbolea. Waandike nani hulitamka, kwa lugha gani, na nani hulipokea kwa kunyamaza. Baada ya hapo ndipo wajadiliane kama kuna programu ya kuandikwa, au kama kilichohitajika muda wote kilikuwa ni ubao, chaki na karani mwenye subira. Na siku ile ile ya kwanza, kabla lori la kiwanda halijafika, watoe karatasi moja na kuandika kwa Kiswahili kinachoeleweka na wote wanne ni nani mbia, kwa fungu gani, na itakuwaje mmoja wao akipata kazi Nairobi.